Akaunti Imepotea, Makato Yanaendelea: Njia Ipi ya Kuyazuia ni Nafuu?

Ujumbe wa benki unaingia usiku: dola 20 zimekatwa, jina la kampuni ya programu, salio lililobaki. Asubuhi unawasha kompyuta ili usitishe usajili. Unaandika barua pepe na nywila, kisha ukurasa unakwambia kuwa namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu inayoishia na 47. Simu hiyo iliporwa miezi mitatu iliyopita, na laini ilikwenda nayo.

Haya huwapata watu wa kila aina. Mwanafunzi alijisajili kwa barua pepe ya chuo, ikafungwa alipohitimu. Mwenye duka alimwachia kijana wa kazi afungue akaunti, kijana akaondoka na nywila kichwani. Programu haitumiki tena, lakini kadi ingali kwenye kumbukumbu za kampuni, na kadi ndiyo inayolipa.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi huona "dola 20" wakadhani ni dola 20. Kwa urahisi tuchukue dola moja kuwa shilingi 2,600 za Tanzania. Hiyo ni 52,000. Huduma za kidijitali kutoka nje hutozwa VAT, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Ukiongeza 18 unafika 61,360. Benki nayo huchukua chake kwa kubadilisha fedha. Ikiwa ni asilimia 3, umeshavuka 63,000 kwa mwezi.

Niliketi na mama mmoja mwenye steshenari Mwenge, Dar es Salaam, tukapitia taarifa yake ya benki kwa kalamu nyekundu. Tulipiga mstari mara tano, tarehe ileile kila mwezi, kwa programu ya kuchorea kadi za harusi ambayo hakuna mtu dukani aliyeifungua tangu kijana wake aondoke. Zilikuwa zaidi ya shilingi 300,000, fedha ya rimu zisizopungua 20 za karatasi. Alikuwa ameshabadilisha kadi mara moja, na bado makato yaliendelea.

Hilo la kadi lina sababu, na ndilo kosa linalogharimu watu zaidi. Visa na Mastercard zina huduma ya kuwapelekea wafanyabiashara namba mpya ya kadi pale ya zamani inapobadilishwa. Imewekwa ili malipo halali yasikatike, na benki yako ikiwa imejiunga nayo, kadi mpya inaweza kurithi deni la kadi ya zamani. Umelipia kadi, umesubiri siku kadhaa bila kadi mkononi, na hujazuia chochote.

Kabla ya kuchagua njia, angalia jina lililoandikwa kwenye muamala. Likiwa la Google au Apple, ulijisajili kupitia duka lao la programu, kwa hiyo mtu wa kumwandikia ni duka, si aliyetengeneza programu. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi usajili. Kusubiri akaunti ife yenyewe pia hakusaidii: Google huweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, lakini yenye usajili unaoendelea huhesabiwa kuwa hai.

Sasa tulinganishe njia.

Ya kwanza ni kurudisha laini ya simu. Nenda kwenye duka la mtandao wako na kitambulisho. Tanzania utaweka na alama ya kidole. Gharama yake haifiki hata makato ya mwezi mmoja, na laini ikirudi, namba ya uthibitisho inaingia mkononi mwako. Usichelewe, maana laini iliyolala miezi kadhaa hurudi kwa kampuni ya simu na huweza kuuziwa mtu mwingine. Ikishauzwa, njia hii imefungwa.

Kama huna laini, jaribu kurudisha akaunti kupitia ukurasa wa kampuni. Ni bure, ila muda ndio bei yake. Tumia kompyuta au simu uliyozoea kuingilia, ukiwa mahali ulipozoea. Google yenyewe inashauri hivyo, na kwenda kujaribia kwenye kompyuta ya kukodi kunapunguza nafasi yako. Microsoft humsubirisha mtu siku 30 anapobadilisha taarifa zake zote za usalama, na ndani ya siku 30 kuna makato mengine. Kwa hiyo usitegemee njia hii peke yake.

Njia ya pili ya bure ni kuiandikia kampuni moja kwa moja kama mwenye kadi. Huhitaji kuingia kwenye akaunti ili kutuma barua pepe. Taja jina lililo kwenye kadi, tarakimu nne za mwisho, tarehe na kiasi cha makato mawili ya mwisho, na kila barua pepe unayodhani ilitumika. Kisha sema wazi kwamba umepoteza akaunti, unaghairi usajili kuanzia leo, na hukubali kukatwa tena. Hata Kiingereza cha kuombea maji kinatosha. Usitume namba yote ya kadi, wala tarakimu tatu za nyuma, wala PIN, hata mhudumu akiziomba.

Barua hiyo ina thamani hata wasipojibu. Ukienda benki kupinga muamala, swali la kwanza ni kama ulijisajili mwenyewe. Ulijisajili, ndiyo. Kinachokutetea ni ushahidi kwamba ulighairi kabla ya tarehe ya makato. Bila barua yenye tarehe, madai yako huweza kukataliwa. Ukiwa nayo, benki ina kitu cha kushika.

Benki yenyewe iombe mambo mawili tofauti, maana ukisema tu "nizuieni makato" mhudumu huenda akafunga kadi nzima. Kwanza, izuie malipo ya mfanyabiashara huyo mmoja. Si kila benki huweza, na nyingine hutoza, kwa hiyo uliza bei kabla ya kusaini. Pili, jaza fomu ya kupinga miamala iliyofanyika baada ya kughairi. Muda wa kupinga chini ya kanuni za kadi mara nyingi ni siku 120, lakini benki inaweza kukutaka uwahi zaidi. Usikusanye makato ya mwaka mzima ndipo uende.

Kubadilisha kadi kuje mwisho, na ukibadilisha, omba benki isipeleke namba mpya kwa wafanyabiashara wa zamani.

Wapo wanaoamua kuiacha akaunti ya benki tupu. Siipendekezi. Kampuni hujaribu tena na tena kwa siku kadhaa, baadhi ya benki hutoza kila muamala unaoshindikana, na siku mshahara unapoingia makato yanaweza kukutangulia.

Na yule fundi wa mtandaoni anayedai kukurudishia akaunti kwa malipo ya awali, achana naye kabisa. Anachotaka ni nywila zako na namba za uthibitisho, na huna fedha ya kumlipa mwizi wa pili.

Kuna gharama moja iliyojificha ambayo benki haiwezi kuigusa: mkataba wa mwaka unaolipwa kwa mwezi. Ulidhani unalipa mwezi kwa mwezi, kumbe umefungwa miezi 12, na kujitoa mapema kuna faini. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki kampuni ya Adobe ikidai kwamba ada ya namna hiyo haikuonyeshwa wazi kwa wateja. Kuzuia malipo benki si sawa na kuvunja mkataba. Kampuni inaweza kuendelea kukuandikia deni. Katika barua yako uliza mkataba unaisha lini na kama kuna ada ya kujitoa. Ukigundua imebaki miezi miwili na faini inazidi malipo ya miezi hiyo, maliza miezi na ughairi ya mbele.

Kwa usajili utakaofuata, lipia kwa kadi ya mtandaoni ya pochi ya simu, na weka kiasi cha mwezi mmoja tu. Ina kasoro zake: kiwango cha kubadilisha fedha huweza kuwa kibaya kuliko cha benki, na kampuni nyingine hukataa kadi za namna hiyo. Lakini unaweza kuifunga mwenyewe kwenye menyu ya simu bila kupanga foleni. Malipo ya mwaka huonekana nafuu kwa mwezi. Kwa mtu ambaye simu yake inaweza kuporwa kesho, au ambaye akaunti iko mikononi mwa mfanyakazi, mwezi kwa mwezi ni salama zaidi. Na akaunti ya duka ifunguliwe kwa barua pepe na namba ya mwenye duka.

Mama wa Mwenge aliandika barua yake Jumatatu, akaipeleka nakala benki Jumanne pamoja na taarifa iliyopigwa mistari mitano. Wewe fungua yako leo, tafuta tarehe ya makato yajayo, na tuma barua kabla haijafika.