Vifaranga Vyetu: Vitamu vya Kuwapa na Vumbi ya Kuoga



Wengi kati yetu tunasoma kwa msaada wa kuku. Kama shida ni kubwa, baba anauza mbuzi. Lakini kwa daftari, kalamu na kipande cha minervali, kuku wa mama njo anaenda soko. Kwa sisi wa mwaka wa mwisho, hata pesa ya ezame ya Serikali inatoka mara nyingi kwenye kiota hicho hicho. Sasa tufanye hesabu. Kuku analalia mayai siku 21, tuseme anatotoa vifaranga 10. Kisha miezi miwili wanabaki watatu. Wale saba walikwenda wapi? Mwewe alibeba wengine, ni kweli. Lakini wengine walikufa kwa baridi, kwa chakula kibaya ao kwa chawa, na mambo hayo tunaweza kuyapunguza bila kununua kitu.

Wadogo wetu wanatuuliza mara nyingi maulizo mawili: je, ni vizuri kuwapa vifaranga mabaki ya chakula? Na juu ya nini kifaranga anajitupa katika vumbi kama mwenye kufa? Tunajibu yote mawili hapa.

1. Chakula kwanza, vitamu kisha

Kifaranga akitoka katika yai, iko na akiba ya kiini ndani ya tumbo, njo maana anaweza kukaa siku mbili za kwanza bila kula. Kisha hapo anapashwa kupata chakula cha kweli: unga ya mahindi iliyochanganywa na soya iliyokaangwa na kusagwa, ao na unga ya sambaza kavu. Mahindi peke yake yanashibisha tu. Kwa kujenga nyama na manyoya, soya, samaki na bilulu njo vinasaidia.

Vitamu ni kile tunachoongeza juu: miswa, minyoo, lengalenga, papai, boga, yai la kuchemsha lililopondwa. Hivi visipite sehemu moja juu ya kumi ya chakula cha siku. Sababu ni nyepesi: tumbo la kifaranga ni dogo. Akijaza bugali ya jana, hana tena nafasi ya soya. Anaonekana ameshiba, lakini hakui.

Tuanze na kidogo sana katika juma la pili. Majani tuyakate ndogondogo. Wakisha kukomaa kidogo, tufunge fungu la lengalenga kwa kamba na kulitundika karibu na vichwa vyao. Wanaliruka na kulidonoa, na wakiwa na kazi hawadonoani wao kwa wao.

Kuku hana meno. Anasaga chakula katika firigisi, na mawe ya kusagia ni changarawe anayomeza. Kifaranga anayekula unga tupu hana lazima nayo, lakini tukimpa majani ao bilulu, tumwekee na mchanga wa chembe ndogo katika kifuniko cha kopo. Yule anayetembea inje na mama yake anajitafutia mwenyewe.

Kwa kupata miswa bila kuvunja kichuguu kila siku, iko njia ya wazee. Jaza chungu ya zamani na mabua makavu ya mahindi na mavi makavu ya ng'ombe, nyunyiza maji, kisha igeuze kinywa chini juu ya tundu la miswa. Funika na majani ili jua lisikaushe. Kesho yake asubui, mapema, inua: miswa wamejaa ndani. Kung'uta mbele ya kuku na kuwa karibu, kwa sababu wakubwa wanawanyanganya wadogo.

2. Vitu vya kukataza

Avoka: majani, ganda na kokwa zake ziko na sumu kwa ndege. Hapa kwetu Kivu avoka zinaanguka chini ya kila muti, basi tuokote maganda na kuyafukia.

Maharagi mabichi: yale makavu yasiyopikwa iko na sumu. Yanapashwa kuchemka sana mpaka yaive kabisa.

Mahindi na karanga zenye ukungu: watu wanasema "hii imeoza, tupatie kuku." Apana! Sumu ya ukungu inaharibu maini, na kifaranga anakufa mbele ya kuku mkubwa.

Maganda ya muhogo mchungu mabichi, na chakula chenye chumvi nyingi: navyo tuviache.

3. Juu ya nini kuku anaoga vumbi

Kuku haogi maji. Analala ubavu, anachimba, anatupa vumbi chini ya manyoya, anajisugua, kisha anasimama na kujikung'uta. Mkubwa anafanya hivi karibu kila siku mbili, zaidi saa za katikati ya muchana, na anaweza kumaliza nusu saa. Vifaranga wanaanza tangu majuma ya kwanza. Basi ukimwona amelala vile na macho nusu wazi, usimfukuze na usimmwagie maji. Hafi, anaoga.

Karibu na mkia kuku iko na kidonda kidogo cha mafuta, siyo cha ugonjwa, ni kiungo chake. Anachukua mafuta hayo kwa mdomo na kupaka manyoya. Mafuta yakizeeka yanashikamanisha manyoya. Vumbi inayanywa na kuanguka nayo, manyoya yanafunguka tena na kushika joto. Tena vumbi inasumbua chawa na kuwaangusha. Kuku asiyekuwa na vumbi anafanya mwendo huo huo juu ya simenti tupu, ishara kwamba kuoga ni lazima kwake.

4. Namna ya kutengeneza

Kiangazi vumbi iko kila pahali. Lakini mvua ikianza mwezi wa kenda, kiwanja chote ni matope mpaka mwezi wa tano. Njo wakati chawa wanaongezeka. Kwa hiyo tuweke akiba ya udongo mkavu mbele ya mvua.

Chukua mupira ya zamani ya motokari, ao sanduku la mbao, na uweke chini ya paa. Changanya sehemu mbili za udongo mkavu uliochekechwa, moja ya mchanga laini, na moja ya majivu ya kuni. Majivu yawe yamepoa kabisa na yawe ya kuni tupu, siyo ya plastiki wala ya pile. Yasipate maji, kwa sababu majivu yaliyolowa yanachoma ngozi. Kwa vifaranga, sahani pana yenye vumbi ya urefu wa vidole viwili inatosha. Tuiweke mbali na maji ya kunywa, na tuondoe mavi kila siku, kwa maana unyevu na mavi vinaleta kuhara damu.

5. Kile vumbi haiwezi

Tusidanganyane. Viroboto vinavyoshikamana kuzunguka macho havitoki kwa majivu: tupake mafuta ya mawese ao vaselini juu yao, bila kugusa jicho. Utitiri unaojificha katika nyufa za kibanda na kunyonya usiku, tuumwagie maji ya moto wakati kuku wako inje. Na ugonjwa wa Newcastle, ule unaomaliza kuku wa mtaa muzima kwa siku chache, hauna dawa, hauogopi majivu wala pilipili. Kinga yake ni chanjo tu. Tumwulize muganga wa nyama mbele kuku hawajagonjwa, maana kisha hapo ni kuchelewa.

Ndugu wanafunzi, siku ya Posho tukirudi nyumbani, tuangalie kibanda cha mama. Sahani moja ya vumbi kavu na chungu moja ya miswa havitaki pesa, vinataka mikono yetu. Kifaranga mmoja anayepona leo ni daftari za mwaka kesho.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho,
Kiongozi wa wanafunzi