MGONJWA NA MBWA WAKE MDOGO

Kuugua siku tatu si sawa na kuugua miezi sita. Ukiugua siku tatu watu wanakuja. Wanaleta uji, wanaleta kuni, wanakuuliza habari. Mwezi wa pili ukifika wanapungua. Wana mashamba yao, wana watoto wao. Na kama ugonjwa wenyewe ni kifua kikuu, wengine hupita mbali kidogo na mlango wako. Unabaki na dawa zako na kuta za nyumba.

Je, mtu wa namna hiyo anaweza kufuga mbwa? Mbwa atamsaidia, au atamwongezea maradhi? Swali hili nimeulizwa huku kwetu mkoani Songwe. Leo tulizungumze.

HAWAJI

Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Mbozi yuko mzee mmoja mkulima wa kahawa. Jina lake silitaji, maana ugonjwa wa mtu ni siri yake. Mke wake amekwisha kufariki. Watoto wake wanafanya biashara Tunduma, pale mpakani ambapo malori hupanga foleni kuingia Zambia. Wakati wa mvua mzee alianza kukohoa. Akakonda. Usiku akawa anatoka jasho. Alipopimwa makohozi alikutwa na kifua kikuu, akaanza dawa mwezi wa Machi.

Mwezi wa Juni nilikwenda kumwangalia yeye na mibuni yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana shamba. Karibu. Lakini kaa kule mbali. Watu wanasema nitakuambukiza."

Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye, nje, juani. Alikuwa katika mwezi wa tatu wa dawa. Mgonjwa akimeza dawa sawasawa, na dawa zikimkubali, baada ya wiki chache kwa kawaida haambukizi tena. Jambo hili wengi hawalijui, ndiyo maana wanaendelea kumkimbia mtu ambaye hana tena hatari kwao.

Miguuni pake alikuwa amelala mtoto wa mbwa wa rangi ya kahawia. Mjukuu wake alimleta kutoka Tunduma kwa basi, amemficha ndani ya koti.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Hawaji."

"Nani hawaji?"

"Hao waliokuwa wanakuja."

Wengine humpa mbwa jina la kumsema jirani, kwa hiyo nilielewa mara moja.

Mzee akanieleza habari yake. Mwezi wa pili ulipokwisha alipata nafuu. Kikohozi kilipungua, chakula kikaanza kupita. Akajiuliza: dawa za nini tena? Na kuzimeza peke yake asubuhi, kwenye baridi ya Mbozi, kulimchosha. Siku mbili akaziacha. Ndipo mbwa akaletwa. Mtoto wa mbwa hulia alfajiri kwa njaa. Mzee akalazimika kuamka amkorogee uji. Akiwa amekwisha kuamka, na moto unawaka, akaona afadhali ameze na dawa.

"Siamki kwa ajili ya dawa," aliniambia. "Naamka kwa sababu huyu ananipigia kelele."

Siku ile ile binti yake alifika kutoka Tunduma. Alipomwona mbwa alikasirika.

"Baba, wewe una kifua halafu unakaa na mbwa? Manyoya yake yatakuua! Leo hii naondoka naye, nikamtupe."

Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Ukimchukua yeye, na dawa zangu chukua."

Mimi cheti changu ni cha kilimo. Najua mahindi na kahawa. Sikutaka kuhukumu jambo la mbwa na mapafu. Nikawaomba wasubiri. Kesho yake nilimleta bwana mifugo wa kata, na binti akaenda kumwuliza mganga wa zahanati. Haya ninayokuandikia ni yale waliyotueleza, pamoja na mengine niliyoyasoma baadaye.

MBWA HAPONYI

Kwanza tuelewane. Mbwa haponyi kifua kikuu. Dawa ndizo zinazoponya. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa hutumia dawa za aina 4, zimechanganywa katika kidonge kimoja. Miezi 4 inayobaki hutumia dawa za aina 2. Nafuu huja mapema, lakini vijidudu vingine bado vimejificha mwilini. Ukiacha dawa njiani, vile vilivyobaki huzizoea. Hicho ndicho kifua kikuu sugu, na kukitibu ni kazi kubwa zaidi. Katika zahanati na hospitali za serikali dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Nchi yetu ilianza Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977. Aliyesaidia kuupanga ni daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia. Namna ya kazi yao iliigwa baadaye na nchi nyingi duniani. Jambo moja kubwa katika mpango ule lilikuwa hili: mgonjwa asiachwe peke yake na vidonge vyake. Awepo mtu wa kumwona akimeza. Nasema mtu, kwa sababu mbwa hajui kuhesabu vidonge. Kwa hiyo hata ukiwa na mbwa kumi, chagua ndugu au jirani awe msimamizi wako.

Lakini faraja nayo ina kazi yake. Florence Nightingale, Mwingereza aliyefundisha dunia kazi ya uuguzi, aliandika kitabu mwaka 1859. Humo alitaja kwamba mnyama mdogo ni mwenzi mzuri kwa mtu anayeugua muda mrefu. Siku hizi ziko hospitali za Ulaya na Marekani ambazo huruhusu mbwa waliofunzwa kuwatembelea wagonjwa vitandani. Na hapa kwetu Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa makohozi na kutambua yenye kifua kikuu. Wewe unamfukuza panya ghalani, wenzako wamempa kazi ya maabara!

BINTI ALIOGOPA NINI?

Binti yule hakukosea yote. Manyoya ya mbwa hayaleti kifua kikuu. Kwa kweli mara chache sana hutokea kinyume chake, yaani mtu akamwambukiza mbwa wake. Kwa hiyo mgonjwa aliye katika wiki za kwanza asimkoholee mbwa usoni, kama vile asivyomkoholea mtoto. Afunike mdomo.

Hatari yenyewe iko mahali pengine. Iko tumboni mwa mbwa. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa tayari na minyoo, wameipata kwa mama yao. Mayai ya minyoo hutoka katika kinyesi na kukaa udongoni. Mtoto akichezea udongo ule kisha akatia mkono mdomoni, amekwisha kuyameza. Iko minyoo mingine ambayo hupita katika ngozi ya mguu usio na kiatu. Tena liko tegu la mbwa. Hili mbwa hulipata akila maini na mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi au ng'ombe aliyeathirika. Mayai yake yakiingia kwa mtu hufanya uvimbe wenye maji ndani ya ini au mapafu. Mtu ambaye mapafu yake yamekwisha kuumia hahitaji mgeni wa namna hiyo.

Dawa ya haya ipo, na si ya gharama kubwa. Bwana mifugo humpa mtoto wa mbwa dawa ya minyoo tangu akiwa mchanga, na kuirudia mara kwa mara mpaka afikishe miezi 3. Baada ya hapo ni vizuri mbwa apewe kila miezi 3. Usimpe nyama za ndani zikiwa mbichi. Zichemshe kwanza. Kinyesi chake kichimbie shimo au kitupe chooni. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimaliza kumshika. Asikulambe mdomo wala kidonda. Asilale kitandani pako. Mtengenezee banda au weka gunia kavu barazani, na ulikague mara kwa mara kwa ajili ya viroboto na funza.

Binti aliposikia hayo akatoa masharti yake. Mbwa alale nje. Mwana wa jirani awe anaokota kinyesi, atapewa daftari na kalamu kila mwezi. Mama wa jirani awe anamwona mzee akimeza dawa kila asubuhi. Mzee alikubali yote ila moja: binti alitaka mbwa abadilishwe jina, maana jirani wangeona haya. Mzee akakataa kabisa. Mwezi wa Septemba alimaliza dozi. Makohozi yalipopimwa yalikuwa safi. Watoto waliokuja kumchezea mbwa walikuwa wamekwisha kuleta mama zao.

WEKA VIDONGE JUU

Liko jambo moja ambalo hata mimi lilinishtua, nami naomba ulishike sana. Katika vidonge vya kifua kikuu mna dawa iitwayo isoniazidi. Kwa mtu ni dawa. Kwa mbwa ni sumu kali. Mwili wa mbwa hauwezi kuivunja kama mwili wetu. Mbwa mdogo akila vidonge vichache anaweza kupata degedege na kufa. Dawa hiyo hiyo hupewa pia baadhi ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ili kuwakinga na kifua kikuu.

Mtoto wa mbwa hutafuna kila kitu: kiatu, sabuni, karatasi. Kwa hiyo usiweke dawa chini ya mto wala sakafuni. Ziweke ndani ya kopo lenye mfuniko, juu, mahali ambapo mtoto wa mtu pia hafiki. Kidonge kikianguka kiokote kabla hujafanya jambo jingine.

MBWA HANA PASIPOTI

Sisi tunaishi mpakani. Binadamu akivuka kutoka Nakonde hugongewa muhuri. Mbwa anapita tu. Ndiyo maana kichaa cha mbwa hakitakwisha Tunduma kama kitaachwa upande mmoja, na ndiyo maana mbwa wako lazima achanjwe. Kwa kawaida mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Utapewa cheti. Kitunze pamoja na kadi yako ya kliniki. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na chanjo nyingi hufanywa karibu na siku hiyo. Msikilize mtendaji wa kijiji akitangaza.

Ukiumwa na mbwa, awe wako au wa mtu, osha kidonda mara ile ile kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15. Usipake pilipili, wala majani, wala maji ya betri. Nenda hospitali siku ile ile ukaanze sindano. Usingoje uone dalili, kwani dalili zikianza karibu kila mtu hufa. Na kama una ugonjwa unaopunguza kinga ya mwili, mwambie mganga. Huenda akakupangia sindano kwa namna nyingine.

CHAGUA MBWA GANI?

Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, au anayetibiwa saratani, au yeyote ambaye kinga yake imeshuka, aulize kliniki kwanza. Kwake mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi 6 si mwema, wala mbwa mwenye kuharisha. Afadhali atafute mbwa mdogo wa umbo lakini aliyekwisha kukua, mpole, mwenye chanjo. Na wengi wa mbwa wetu wa kienyeji si wakubwa. Wanatosha.

Kama unachukua mtoto wa mbwa, asiachishwe mama yake kabla ya wiki 8. Mtazame macho, yawe meupe bila tongo. Mtazame tumbo. Likivimba kama ngoma, hiyo ni minyoo. Achangamke ukimwita. Usimwokote mbwa stendi au sokoni usiyejua ametoka wapi, hata kama amekufuata kwa upole. Mbwa wa kichaa hupoteza woga, na watu hudhani amewapenda.

Chakula chake ni kile kile cha nyumbani: ugali, dagaa kidogo, mchuzi wa mifupa. Lakini piga hesabu kabla. Mgonjwa wa kifua kikuu anahitaji kula vizuri yeye mwenyewe. Kama unga wa nyumbani hautoshi watu, ngoja mpaka mavuno.

Tena weka mapema mtu wa kumlisha. Ugonjwa una siku zake. Huenda ukalazwa Vwawa wiki mbili, na mbwa aliyefungwa kamba nyuma ya nyumba hawezi kujitafutia maji. Mwambie jirani leo, ukiwa na nguvu za kusema. Mwonyeshe banda, sufuria ya mbwa, na mahali kilipo cheti cha chanjo.