Waya unaochaji haraka si lazima uhamishe picha haraka

Simu ya marehemu baba ilipoanza kujizima ovyo, tulikimbilia kuhamishia video zake kwenye kompyuta. Waya wetu ulikuwa mnene, wa wati 100, lakini kazi ilikwenda mwendo wa kinyonga.

Waya wa USB-C wenye nguvu hiyo una chipu ndogo kichwani. Ukichomekwa, kifaa huuliza, nayo hujibu mambo mawili tofauti: umeme unaopita na kasi ya data. Waya wa amperi 5 unaweza kabisa kuwa wa USB 2.0, megabiti 480 tu kwa sekunde. Hata iPhone 15 Pro ya 2023, inayofikia gigabiti 10, iliuzwa na waya wa 480!

Dukani, uliza kasi ya data, si wati pekee.

Tulimaliza saa nane usiku. Asubuhi simu haikuwaka.