Afya na Nguo za Mazoezi (2): Jasho Linapokutana na Poliesta

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi poliesta, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1941, ilivyoishinda pamba viwanjani kwa wepesi wake na kwa kukauka upesi. Leo tunalikabili swali lililobaki: je, fulana na taiti hizo zinamdhuru anayezivaa? Wapo wanaojibu kwamba plastiki ni sumu, na mjadala umekwisha. Jibu hilo ni jepesi mno, kwa kuwa uzi wa poliesta wenyewe ni imara na hauyeyuki kwa jasho. Pa kutazama ni vile vilivyotiwa kiwandani, na muda ambao nguo iliyolowa inakaa mwilini.

Tuanze na bisfenoli A, kwa kifupi BPA, kemikali inayoiga homoni ya estrojeni. Poliesta haiundwi kwayo. Ikikutwa ndani ya nguo, imeingia kwa njia nyingine wakati wa utengenezaji. Mwaka 2022 Center for Environmental Health, shirika la California nchini Marekani, lilitangaza kwamba baadhi ya sidiria na fulana za michezo lilizozipima zingeweza kumfikishia mvaaji BPA hadi mara 22 ya kiwango cha sheria ya jimbo hilo, ambacho ni mikrogramu 3 kwa siku kupitia ngozi. Rangi nazo zina lawama yake. Rangi za poliesta hazifungamani na uzi kikemia, hujipenyeza tu ndani yake, na baadhi ya zile za buluu zinajulikana kwa madaktari wa ngozi kuwa huleta mzio pale nguo inapobana na kusugua: kwapani, kiunoni, mapajani.

Mpinzani atasema kiwango cha California ni kikali kupita kiasi. Ana hoja: hupatikana kwa kuchukua dozi isiyoonyesha madhara na kuigawa kwa 1,000, hivyo hata mara 22 yake haijaifikia dozi hiyo. Lakini kipimo chenyewe kinasogea. Mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilishusha kiasi cha BPA ambacho mtu anaweza kukila kila siku kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wake. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari ilipinga, ikapendekeza nanogramu 200. Wamepishana mara 1,000. Hata hivyo pendekezo la taasisi hiyo nalo liko chini mara 20 kuliko kiwango cha zamani. Wanabishania ukubwa wa punguzo, si haja yake.

Jasho linaongeza uzito wa jambo. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, wakitumia ngozi ya binadamu iliyooteshwa maabara, walionyesha kwamba kemikali za kuzuia moto zilizomo katika chembe za plastiki hupenya hadi asilimia 8, na kwamba ngozi yenye majimaji hupokea zaidi. Hazikuwa kemikali za fulana, lakini mlango waliouonyesha ni huohuo.

Je, turudi kwenye pamba? Pamba nayo hutiwa rangi na dawa za kuzuia mikunjo, na ikilowa hulemea na kuchubua. Kwa saa moja ya kukimbia, poliesta bado ni msaada. Sehemu kubwa ya BPA iliyoingia mwilini hutoka kwa mkojo katika siku moja au mbili. Anayeshinda na taiti zake sokoni, ofisini na kwenye daladala hujijazia upya kile mwili unachokitoa. Basi nguo mpya ifuliwe kabla ya kuvaliwa, na ya mazoezi ivuliwe mazoezi yanapokwisha. Maji hayo ya kufulia yanaondoka na nini, tutalieleza katika sehemu ya tatu.