Haikuwa Nyumba Ndogo, Ilikuwa Bastola

"Kile kitu kimeanza kunisumbua tena. Nakuletea kesho usiku. Waifu asijue."

Jamani, mwenzangu, ungekuwa wewe ungefanyaje? Saa nne usiku, mtoto kalala, mume yuko bafuni anaoga huku anaimba, na simu yake iko kwenye kochi inawaka. Najua, najua. Humu humu kwenye kurasa hizi nimeshaandika mara kibao kwamba kupekua simu ya mwenzio ni sumu ya ndoa. Siku hiyo nilikunywa sumu yangu mwenyewe. Nikausoma ujumbe ule mara tatu, moyo unadunda, nikajua basi, kuna mtu mjini.

Alipotoka na taulo kiunoni nikamuuliza bila kuzunguka: "Baba, hicho kitu kinachokusumbua kina jina?"

Akacheka. Akaona sicheki. Akakaa kitandani, akashika kichwa. Halafu akaniambia jambo ambalo, nikilifikiria leo, lilikuwa la hatari kuliko lile nililokuwa naliogopa. Kitu chenyewe kilikuwa bastola yake, na huyo wa kupelekewa usiku alikuwa fundi wa kuchomelea mageti wa mtaa wa pili.

Bastola niliijua. Mume wangu anauza vifaa vya ujenzi Kariakoo, na kuna siku anafunga duka akiwa na mauzo ya siku nzima mkononi. Alifuata taratibu zote, akapata kibali, na mwaka 2016 wakati wa ule uhakiki wa silaha aliipeleka polisi kama wenzake. Iko kabatini, juu kabisa, nami nilikuwa nimejizoeza kutoiwaza. Nilichokuwa sijui ni kwamba alipokwenda kulenga shabaha ilikwama mara tatu. Akaona aibu kuniambia, kwa sababu mimi ndiye niliyeipinga tangu mwanzo.

"Ningekwambia ungesema si nilikwambia," akasema.

Na kweli, ningesema.

"Haina kitu"

Jumapili nikamwita kaka yangu mkubwa, mstaafu wa jeshi. Mume wangu akaileta bastola sebuleni, akachomoa magazini (yaani kile kijisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mshikio), akaiweka mezani. "Shemeji, shika tu, haina kitu."

Kaka hakuishika. Akauliza kwanza, "Mtoto yuko wapi?" Binti yetu wa miaka 6 alikuwa kwa jirani. Ndipo akainyanyua, mtutu akauelekeza kwenye gunia la mchanga lililobaki uani tulipojenga choo cha nje, akavuta nyuma kile chuma cha juu ambacho mafundi hukiita slaidi. Ikadondoka risasi moja nzima, ikagonga sakafu, ikabingirika hadi chini ya meza.

Hakuna aliyesema kitu. Mume wangu aliikodolea macho risasi ile kama vile imetoka mfukoni mwake bila ruhusa.

Ilikuwaje? Siku ile ilipokwama alivuta, akapiga, akavuta tena, mwishowe akakata tamaa. Akatoa magazini akaamini amemaliza. Kumbe risasi moja ilikuwa imeshaingia chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa kabla ya kupigwa, ikakaa humo wiki mbili nzima kabatini kwangu. Na mume wangu alikuwa ameshika imani moja ya vijiweni, kwamba bastola isiyo na magazini hailii. Kaka akamweleza kwamba zipo zilizotengenezwa hivyo, kwa mfano ile ya zamani ya Browning Hi-Power ya mwaka 1935, yenye kizuizi cha kuzuia isilie magazini ikiwa nje. Lakini nyingi nyingine hazina kizuizi hicho. Kubahatisha ni kucheza kamari na roho ya mtu.

Sasa fikiria usiku ule bastola hiyo ingefika kwa mchomelea mageti. Anaigeuza, anaichungulia, anaigongagonga ajue kinachokwamisha ni nini. Watoto wa mtaa wamejaa pale wakiangalia cheche. Mwili ulinisisimka.

Kwa nini inakwama?

Kuanzia hapo nikaamua hili si jambo la wanaume tena. Kama kitu kinalala chumbani kwangu, nitakijua. Kaka akatufundisha wote wawili, nami nikaandika kwenye daftari.

Jambo la kwanza lilinishangaza: mara nyingi mbovu si bastola, ni magazini. Midomo yake ya juu inayoshika risasi ikipinda kidogo tu, au springi ya ndani ikichoka, au mchanga ukiingia, risasi inapanda vibaya na pua yake inagota badala ya kuingia chemba. Kipimo chake ni rahisi. Kama una magazini mbili, ziandike namba 1 na 2 kwa rangi. Ukienda kulenga shabaha, angalia ubovu unaifuata ipi. Ikikwama kwa namba 1 tu, umeshapata mchawi wako. Nunua nyingine, usinyooshe ile kwa koleo.

La pili ni risasi zenyewe. Risasi iliyotunzwa pakavu hukaa miaka mingi, lakini sisi wa Pwani tunaijua hewa yetu, ina chumvi na unyevu. Ukisikia "klik" badala ya mlio, usiichungulie. Iache imeelekea upande salama, hesabu taratibu sekunde 30, maana kuna risasi inayochelewa kuwaka. Na ukisikia mlio mdogo, "pufu", kama chupa ya soda iliyofunguliwa jana, simama hapo hapo. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka mkononi mwako. Hiyo haina mjadala: itolewe risasi, ipelekwe kwa fundi.

La tatu ni ganda kushindwa kutoka. Kila bastola ya aina hii ina kindoano kidogo cha chuma kinacholishika ganda tupu na kulivuta nje. Kikimeguka au uchafu ukijazana chini yake, ganda linabaki chemba na risasi mpya inakuja kulisukuma kwa nyuma. Hapo bastola inafungana kabisa.

La nne ni springi kubwa inayorudisha slaidi mbele. Nayo huchoka kama springi za godoro. Dalili yake ni slaidi kurudi kwa uvivu, au kusimama kidogo kabla ya kufunga. Springi ni kitu cha kubadilishwa, haifufuliwi kwa kuvutwa.

La tano ni matunzo, na hapa wengi tunakosea kwa kupenda sana. Mume wangu alikuwa akiimwagia bastola mafuta kama anakaanga samaki. Mafuta mengi yanashika vumbi yanakuwa tope, na yakipenya kwenye kitako cha risasi yanaweza kuiua isiwake. Halafu alikuwa anaihifadhi ndani ya mfuko wake wa ngozi mwezi mzima. Ngozi inanyonya unyevu, na chuma kinashika kutu taratibu bila wewe kuona. Mfuko ni wa kuvaa, si wa kuhifadhia.

La sita mume wangu hakulipenda. Wakati mwingine mbovu ni mkono. Bastola inahitaji kushikwa imara ili slaidi irudi nyuma kwa nguvu zake zote. Ukiishika kwa kulegea, mkono unarudi pamoja nayo, ganda linakwama katikati. Kaka alimtazama, akasema, "Shemeji, na wewe ujirekebishe." Mimi nikaangalia pembeni nisicheke.

Fundi wa kweli utamjuaje?

Sasa tukaja kwenye swali lenyewe, tumpelekee nani? Mjini hapa kila mtu ana fundi. Fundi wa simu, fundi friji, fundi nywele. Tunapeana namba kama pipi. Lakini hili si friji. Tanzania silaha za raia zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Jirani zetu Kenya wana Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kote huko, kutengeneza silaha za watu kama biashara ni kazi ya mwenye leseni. Ukimpa mtu asiyeruhusiwa, hata awe na mikono ya dhahabu, mmeingia matatani wote wawili, na wewe ndiye mwenye jina kwenye kibali.

Kaka akatuambia tusianze kwa kuulizana vijiweni. Tukaenda kituo cha polisi cha wilaya, kwenye ofisi inayoshughulika na vibali, tukauliza ni wafanyabiashara gani wa silaha wenye leseni tunaoweza kuwaendea. Tulijibiwa vizuri tu. Kumbe miezi yote ile ya kufichaficha ingeisha kwa swali la dakika tano.

Tuliyemwendea hakuwa na maneno mengi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Kibali." Akasoma jina, akaangalia kitambulisho, akalinganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile ya kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Namba hiyo ndiyo jina la bastola. Hata Itifaki ya Nairobi, ambayo nchi za ukanda wetu zilisaini Aprili 2004, inataka silaha ziwekwe alama zinazofuatilika. Ndipo akaifungua mbele yetu, akatazama chemba, akapitisha na kidole, akatuonyesha na sisi. Nikamnong'oneza mume wangu, "Huyu ndiye."

Kutokana na siku ile, nakuachia dalili zangu, mpenzi msomaji.

Fundi wa kuaminika anadai karatasi kabla ya kugusa chuma. Asiyeuliza kibali chako hatamuuliza na mwingine, na hujui jana alimtengenezea nani.

Anahakikisha ni tupu kila anapoishika, hata kama wewe umeshasema haina kitu. Hasa kama umeshasema haina kitu.

Anauliza maswali kama daktari: inakwama risasi ya kwanza au ya mwisho? Magazini ipi? Risasi za aina gani? Anayekimbilia tupa kabla hajasikiliza, mkimbie.

Anakuandikia stakabadhi yenye namba ya silaha, tarehe na kazi itakayofanyika. Bastola haiachwi kwa "njoo kesho bosi".

Anakurudishia vipuri vya zamani uvione, na anaijaribu mahali panaporuhusiwa kabla hujaichukua.

Mwisho, anajua kukataa. Mume wangu alimuuliza kama anaweza kulainisha kifyatulio kidogo, maana ni kigumu. Fundi akatikisa kichwa. Vile vyuma vidogo vinavyoshikilia nyundo vikisuguliwa ovyo, bastola inaweza kulia yenyewe ikianguka au ikigongwa. "Ugumu huo umewekwa kwa sababu," akasema. Fundi anayekubali kila unachotaka anapenda pesa yako kuliko uhai wako.

Ilikuwa nini hasa?

Kindoano kilikuwa kimemeguka ncha, springi imechoka, na chemba ilikuwa na kutu. Vitatu kwa mpigo, vyote vya kutengenezeka. Bastola ilibaki pale kwa stakabadhi. Njiani kurudi, kwenye foleni ya Morogoro Road, mume wangu akazima redio.

"Mama, niulize kitu. Ikipona, tuirudishe nyumbani?"

Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza. Aliileta, akaiweka juu ya kabati, nami nikanuna kimya kimya hadi nikazoea. Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinakwama nyumbani kwetu. Yeye alificha ubovu kwa kuogopa maneno yangu, mimi nikajifanya kitu hakipo kwa kuogopa kukizungumza, na katikati yetu ikakaa risasi moja, wiki mbili, futi chache kutoka kwenye kitanda cha mtoto.

Nikamwambia irudi kwa masharti. Sanduku la chuma lililofungwa ukutani, ufunguo wala mtoto wala dada wa kazi asijue uliko. Risasi zifungiwe mahali pengine. Kila mwisho wa mwezi tunaifungua pamoja, wote wawili, tunatazama chemba kwa macho na kidole. Ikikwama tena naambiwa siku hiyo hiyo. Na siku nitakayosema basi, tunaenda polisi kuuliza utaratibu wa kuikabidhi, bila kununa.

"Na wewe," akasema, "usiseme nilikwambia."

Nimejitahidi. Miezi sita sasa. Mwezi uliopita nilitaka kusema, nikajiuma ulimi.

Kama ndani mwako kuna silaha halali, leo jioni muulize mwenzio maswali mawili: mara ya mwisho ilikaguliwa lini, na chemba iko tupu kweli? Usikubali jibu la mdomo. Muangalie pamoja, mtutu umeelekea pasipo na mtu, kidole nje ya kifyatulio. Na kama mmoja wenu hajui kuikagua salama, msiguse, muiteni anayejua.

Simu yake? Siigusi tena. Sasa nikiona anaimba sana bafuni, namuuliza tu.