Filamu fupi ya wanafunzi: kwa nini inabakia katikati, na namna gani timu inaweza kuimaliza

Shule zikisha kufunga mwezi wa saba, vijana wanaopenda sinema wanapata nafasi ya kufanya kile walichozungumza mwaka mzima: kutengeneza filamu yao. Mmoja ana telefone yenye kamera nzuri, mwingine ana kompyuta, wa tatu anajua kuandika. Kuhusu kucheza, kila mtu anasema anaweza. Siku ya kwanza ni furaha tupu. Kisha wiki mbili, mwenye telefone hajibu tena, mchezaji mkubwa amesafiri kwa shangazi yake, na picha zimelala ndani ya karte memwari. Filamu haikuisha, na urafiki umepata ufa.

Shida iko wapi? Mara nyingi si kamera. Kinachokosekana ni mapatano kati ya watu.

Kila kazi na mwenyewe

Filamu fupi ya kutunga, ya dakika tano ao kumi, inaomba kazi kama saba: kuandika sinario, kuongoza, kushika kamera, kushika sauti, kucheza, kuangalia mambo ya matumizi na ruhusa, na kufanya montaji. Timu ya watu watano inaweza kuzigawa, mtu mmoja akachukua mbili. Jambo la muhimu ni kwamba kila kazi iwe na mwenyewe anayejulikana mbele ya siku ya kwanza.

Kazi ya mwongozaji, yule wengi wanaita realizatere, ndiyo inaleta magomvi mengi. Wengine wanafikiri yeye ni chefu wa wote. Hapana. Yeye ndiye anayekata neno juu ya namna hadithi itaonekana: mchezaji asimame wapi, aseme kwa sauti gani, turudilie ao tuendelee. Mtu wa kamera anaweza kumpa shauri, lakini mabishano yafanyike pembeni, si mbele ya wachezaji. Mchezaji akisikia watu wawili wanamwambia mambo mawili, anapoteza imani na mchezo unaharibika.

Karatasi mbele ya kamera

Watu wa sinema wanahesabu kwamba ukurasa mmoja wa sinario ni karibu dakika moja ya filamu. Kwa hiyo kurasa thelathini si filamu fupi tena. Kwa timu ya wanafunzi, kurasa sita ao nane zinatosha sana.

Sinario ikisha kuandikwa, munaipasua kufuatana na fasi, si kufuatana na hadithi. Tuseme ni hadithi ya binti ambaye baba yake anataka kumtoa shuleni ili alipie masomo ya kaka yake. Kuna vipande vitatu nyumbani, kimoja sokoni, viwili shuleni. Vyote vitatu vya nyumbani vichukuliwe siku moja, hata kama cha kwanza ni mwanzo wa hadithi na cha tatu ni mwisho wake. Munapunguza safari na pesa ya moto.

Lakini hapo kuna mtego. Binti akivaa kitenge cha buluu wakati anatoka mlangoni, akaonekana sokoni na cha manjano, watazamaji watacheka fasi ya kulia. Ndiyo sababu mtu mmoja anashika daftari na kuandika kila kitu: nguo, nywele, kikombe kilikuwa mkono gani. Telefone ya pili inaweza kusaidia kupiga picha za kukumbusha.

Sauti na jua

Sisi wa redio tunalijua hili vizuri: mtazamaji anaweza kuvumilia picha yenye giza kidogo, lakini asiposikia maneno, anatoka. Na miji yetu ina makelele. Kuna pikipiki, kuna jenereta ya jirani, kuna kanisa lenye mazoezi ya kwaya. Mvua ikigonga mabati, hakuna mikro itakayowaokoa. Kwa sehemu kubwa ya Kivu, mwezi wa sita hadi wa nane mvua inapungua, na wakati huo unakutana na likizo. Ni nafasi nzuri.

Kama hamuna mikro, muwekeni telefone nyingine karibu na anayesema, ndani ya mfuko wa shati ao nyuma ya kitu mezani, ichukue sauti peke yake. Kila mara munapoanza, mtu apige makofi mara moja mbele ya kamera. Wakati wa montaji, mlio ule ndio utasaidia kuunganisha sauti na picha. Mbele ya kuondoka, wote wanyamaze nusu dakika, murekodi ukimya wa chumba. Utaziba matundu mengi.

Kuhusu mwangaza, sisi tuko karibu na ikweta. Jua linatoka karibu saa kumi na mbili asubuhi, linazama karibu saa kumi na mbili jioni, na giza linaingia mbio. Saa sita mchana jua liko juu ya kichwa na macho ya watu yanajaa kivuli. Asubuhi na kuanzia saa tisa ndiyo saa nzuri za nje. Mukichelewa saa mbili kwa sababu mtu mmoja hajafika, mumepoteza siku.

Usalama mbele ya uzuri

Vijana wengi wanataka kuonyesha vita, kwa sababu ndiyo wameishi. Ni haki yao. Lakini bunduki ya mbao ao nguo inayofanana na ya askari, barabarani, katika majimbo yetu, inaweza kumuuisha mtu. Hakuna filamu inayostahili hiyo bei. Vita inaweza kuonyeshwa bila silaha: mlango unagongwa usiku, mama anazima taa, watoto wanashikana mikono. Mara nyingi namna hiyo inaingia moyoni zaidi.

Muwaambie chefu wa kartie na majirani mbele, si siku ileile. Sheria ya mwaka 2009 ya ulinzi wa mtoto inamhesabu kila mtu wa chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kwa hiyo mchezaji wa umri huo, muzazi wake ajue hadithi yote na akubali. Na wasichana wa timu wafike kwao mbele ya giza. Ikikosekana, mwaka ujao hamutawapata tena, kwa sababu wazazi watakataa.

Filamu ni ya nani?

Hata filamu ya bure ina matumizi: chakula, usafiri, megabaiti. Mtu mmoja ashike pesa, na daftari iwe wazi kwa wote.

Muandike pia, kwa ukurasa mmoja, filamu itakuwa ya nani, majina yatapangwa namna gani mwishoni, na zawadi ikipatikana itagawanywa vipi. Kongo ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, lakini sheria haitawasaidia kama ninyi wenyewe hamukupatana. Mwenye telefone si mwenye filamu. Picha ziwekwe fasi mbili, kwa watu wawili.

Kazi ya pamoja inaweza kufika mbali. Mwaka 2010, filamu nne fupi za vijana wa Kongo zilikusanywa kwa jina moja, Congo in Four Acts, chini ya Djo Munga kama produktere, zikaonyeshwa Berlin. Ni filamu za maisha ya kweli, si za kutunga. Moja yao, juu ya akina mama waliozuiliwa hospitalini kwa kukosa pesa ya kulipia uzazi, ilitengenezwa na watu wawili pamoja: Dieudo Hamadi na Divita Wa Lusala. Hamadi, mtoto wa Kisangani, leo anajulikana duniani.

Kikao cha mwisho

Timu nyingi zinaonyesha filamu, zinapiga makofi, zinaachana. Hapo zinapoteza nusu ya masomo. Kisha siku chache, mukae bila wageni, muangalie filamu mara mbili. Kila mtu aanze na kazi yake mwenyewe: nini ilienda vizuri, wapi nilikwama, nani alinisaidia. Kisha wenzake waseme, lakini juu ya kazi, si juu ya tabia. «Sauti ya sokoni haisikiki» ni neno la kusaidia. «Wewe huko mvivu tu» linabomoa.

Mumalize na maswali matatu, na majibu yaandikwe: Wakati wetu ulipotelea wapi? Nani alifanya kazi kubwa ambayo haikuonekana? Mara ijayo tunabadilisha nini?

Swali la pili musiliruke. Karibu kila mara jibu ni yule aliyepika, aliyeshika daftari, ao aliyebeba jenereta. Jina lake liandikwe mwishoni mwa filamu pamoja na ya wengine. Akiliona pale, ndiye atakuwa wa kwanza kufika kwa filamu ya pili.