Samani za Kuunganisha Nyumbani: Kagua Kabla ya Kulipa

Kabati la nguo lililolazwa ndani ya boksi bapa, meza ya televisheni ambayo miguu yake hufungwa na mnunuzi mwenyewe, rafu ya vitabu inayoweza kubebwa begani: bidhaa hizi zimeenea katika maduka ya miji yetu na miongoni mwa wauzaji wa mtandaoni. Kwa familia inayoanza maisha, zimekuwa njia ya kupata samani kwa bei ambayo fundi anayetumia mninga au mkongo hawezi kuifikia. Katika sura hii tunaeleza unafuu huo unatokana na nini, mnunuzi akague mambo gani, na sheria inampa haki zipi bidhaa inapobainika kuwa na kasoro.

Samani za aina hii hazistahili kuogopwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ubora wake imefichwa ndani ya boksi na chini ya ngozi ya ubao. Wakati mwafaka wa kuutafuta ubora huo ni kabla ya kulipa.

Unafuu unatoka wapi

Wazo la kuuza samani katika vipande si geni. Mwaka 1859 Michael Thonet wa Austria alianza kuuza kiti namba 14, kilichoundwa kwa vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2. Viti 36 vya aina hiyo, vikiwa havijaunganishwa, viliweza kuenea katika kreti moja yenye ujazo wa mita 1 ya mraba wa pande tatu. Katika miaka ya 1950 kampuni ya IKEA ya Sweden iliuendeleza utaratibu huo, na leo viwanda vingi duniani vinaufuata.

Unafuu, basi, una vyanzo vitatu. Kwanza, mzigo bapa huchukua nafasi ndogo melini na ghalani. Pili, kazi ya kuunganisha huhamishwa kutoka kiwandani kwenda kwa mnunuzi. Tatu, malighafi inayotumika ni ya bei ya chini kuliko mbao za asili. Vyanzo viwili vya mwanzo havimdhuru mlaji. Chanzo cha tatu ndicho kinachohitaji macho.

Ujue ubao unaoununua

Aina tatu za ubao wa kiwandani hutumika zaidi. Chipubodi hutengenezwa kwa chenga za mbao zilizoshindiliwa pamoja na gundi. MDF hutengenezwa kwa nyuzi laini za mbao, na uso wake huwa sawa zaidi. Plaiwudi hutengenezwa kwa tabaka nyembamba za mbao zilizopishanishwa, na kwa kawaida hushika skrubu vizuri na kustahimili mizigo kuliko chipubodi.

Kutoka nje, aina hizo zinaweza kufanana kabisa, kwa kuwa zote huvikwa ngozi ya melamini au karatasi yenye mchoro wa mbao. Maneno "rangi ya mninga" au "mtindo wa mtiki" yanaeleza mchoro tu. Muulize muuzaji ubao ni wa aina gani, na umwombe aliandike jibu hilo kwenye risiti. Unaweza pia kutazama ndani ya tundu la skrubu: chenga zikionekana, hiyo ni chipubodi.

Adui mkubwa wa chipubodi na MDF ya kawaida ni maji. Zikilowa huvimba, na zikikauka hazirudi katika unene wake wa awali. Kwa wakazi wa Pwani, ambako hewa ina unyevu, na kwa nyumba ambazo sakafu hudekiwa kila siku, jambo hili lina uzito. Chagua samani yenye miguu inayoinua ubao juu ya sakafu, na uhakikishe kila ukingo umezibwa kwa utepe, hata ukingo wa chini usioonekana.

Gundi nyingi zinazotumika katika mbao hizi hutoa hewa ya formaldehidi, ambayo mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Alama E1 kwenye ubao au boksi humaanisha kwamba kiwango cha hewa hiyo kimewekewa ukomo kwa vipimo vya Ulaya. Samani mpya yenye harufu kali inayochoma macho isiwekwe mara moja katika chumba anacholala mtoto. Ifunguliwe na kupigwa hewa kwanza.

Unene wa rafu

Muuzaji hutaja urefu na upana, lakini unene husahaulika. Kwa ubao wa aina ile ile, rafu yenye unene wa milimita 18 ni ngumu kupinda zaidi ya mara 3 kuliko yenye milimita 12. Vilevile, rafu ikirefushwa mara 2 huku mzigo ukibaki ule ule, kupinda kwake huongezeka takribani mara 8. Kwa hiyo, kabati lenye rafu fupi zilizogawanywa kwa ubao wa kati litadumu kuliko lenye rafu moja ndefu, hata kama yana bei sawa. Beba rula ndogo unapokwenda dukani.

Kabati linaweza kumwangukia mtoto

Jambo hili tunalisisitiza kuliko mengine yote. Kabati jepesi na refu lenye droo hupoteza mizani droo kadhaa zinapovutwa kwa pamoja, au mtoto anapozipanda kama ngazi. Mwezi Juni 2016, kufuatia vifo vya watoto, IKEA iliziita zirudishwe kabati za droo zipatazo milioni 29 nchini Marekani. Mwezi Desemba 2022 nchi hiyo ilipitisha sheria inayolazimisha samani za kuhifadhia nguo kupimwa uthabiti wake.

Kinga yake ni rahisi. Boksi linapaswa kuwa na kamba au vyuma vya kuifunga samani ukutani. Visipokuwamo, nunua vyuma vyenye umbo la L katika duka la vifaa vya ujenzi, na umwite fundi avifunge kwa skrubu na plagi zinazofaa ukuta wako. Mpangaji aombe ridhaa ya mwenye nyumba. Matundu mawili ukutani huzibwa kwa muda mfupi, ilhali madhara ya kabati lililoanguka hayazibiki. Weka vitu vizito katika droo za chini, na usiweke televisheni juu ya kabati la droo.

Hesabu gharama yote

Tuchukue mfano. Kabati la boksi linauzwa shilingi 280,000. Kirikuu cha kulifikisha nyumbani ni shilingi 30,000, na fundi wa kuliunganisha ni shilingi 50,000. Jumla ni shilingi 360,000. Likidumu miaka 3, kila mwaka limegharimu shilingi 120,000. Kabati la mbao ngumu kutoka kwa fundi wa Keko, jijini Dar es Salaam, likigharimu shilingi 900,000 pamoja na usafiri na kudumu miaka 12, kila mwaka limegharimu shilingi 75,000.

Hatusemi kwamba kila familia inazo shilingi 900,000 kwa mkupuo. Tunasema bei ya kwenye kibandiko si gharama yote. Anayehama nyumba mara kwa mara azingatie pia kwamba skrubu zinapofunguliwa na kufungwa tena katika chipubodi, matundu hulegea. Kitanda na kabati la nguo, vinavyobeba uzito kila siku, vinastahili kutengewa fedha zaidi. Rafu ya viatu na meza ndogo ya pembeni zinaweza kuwa za bei nafuu.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

1. Omba boksi lifunguliwe. Boksi lenye pembe zilizopondeka au alama za maji likataliwe.
2. Hesabu vipande, skrubu na bawaba kwa kufuata karatasi ya maelekezo.
3. Kagua kama maelekezo yanasomeka, kwa michoro au kwa lugha unayoielewa.
4. Tafuta jina la mtengenezaji, nchi ilikotoka bidhaa na uzito unaoruhusiwa kwa kila rafu.
5. Ukinunua mtandaoni, pendelea kulipa baada ya kuipokea na kuikagua bidhaa. Hifadhi picha za tangazo na ujumbe mliotumiana.
6. Dai risiti ya kielektroniki iliyotaja aina ya bidhaa, si neno "samani" pekee.

Haki zako kisheria

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, zinataka bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa na ifae kwa matumizi yake ya kawaida. Tangazo la dukani lisemalo "Mali ikishauzwa hairudishwi" haliondoi masharti hayo. Kabati lililotangazwa kuwa la plaiwudi likibainika kuwa la chipubodi, au likakosa bawaba, una haki ya kudai.

Haki hiyo ina mipaka. Kasoro uliyoonyeshwa kabla ya kununua, au ambayo ukaguzi ulioufanya ulipaswa kuibaini, haiwezi kuwa msingi wa dai. Vivyo hivyo kwa mtu aliyebadili tu mawazo kuhusu rangi, au aliyeharibu ubao kwa kukaza skrubu kupita kiasi.

Ukigundua kasoro, acha kuunganisha papo hapo. Piga picha, hifadhi boksi na risiti, kisha mwandikie muuzaji ukieleza kasoro na unachotaka: kipande kilichokosekana, bidhaa nyingine, au fedha zako. Asipokujibu, au akikataa bila sababu ya msingi, tuletee malalamiko yako pamoja na nakala za vielelezo hivyo. Lalamiko lenye risiti na picha hutuwezesha kumhoji muuzaji kwa ushahidi, na huwakinga wanunuzi watakaofuata dhidi ya bidhaa ile ile.